Kuzalisha Mbegu ya Kuku wa Kienyeji: Dhana Potofu na Ukweli

Familia nyingi za Vihiga, Kakamega na viunga vya Kisumu hazihitaji kufundishwa kufuga kuku, kwa maana kuku wamo uani tangu enzi za mababu, na ingokho (kuku, kwa Kiluhya) bado ndiye kitoweo cha mgeni wa heshima. Kuzalisha mbegu ni kazi nyingine. Mfugaji wa kawaida hujiuliza atauza kuku wangapi. Mzalishaji wa mbegu hujiuliza jogoo yupi na koo yupi waruhusiwe kuacha uzao. Dhana nyingi zinazowakwamisha wanaoanza hutokana na kuyachanganya maswali hayo mawili.

"Kuku yeyote asiye wa gredi ni wa kienyeji"

Vifaranga wa Kuroiler, Sasso na Kenbro huuzwa kwa wingi Nakuru na magharibi mwa Kenya, na kwa kuwa wana rangi mchanganyiko na huweza kufugwa uani, wanunuzi huwaita kienyeji. Kwa hakika hao ni chotara, na sifa walizonunuliwa kwazo huonekana vizuri katika kizazi kile cha kwanza. Ukiwapandanisha wao kwa wao, watoto hutofautiana sana kwa ukubwa na kwa utagaji, na wengi huwa wazito wa kuatamia. Anayetafuta nyama au mayai hana haja ya kuwakataa, ila wasifanywe msingi wa mbegu. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Naivasha ni kundi jingine: asili yao ni kuku wa humu nchini waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali, kisha wakachaguliwa kwa ukuaji na utagaji. Ni kuku wazuri, lakini anayetaka kuhifadhi kishingo (kuku wa shingo tupu) au kuchi (kuku wa kienyeji warefu) wa kijijini kwao hawezi kuwatumia kama badala yake.

"Jogoo mkubwa auzwe Krismasi, wadogo watabaki kuzalisha"

Hakuna dhana inayogharimu kuliko hii, ingawa ni nadra kusikia mtu akiitamka. Huonekana kwa matendo tu. Desemba ikifika, bei hupanda, na jogoo aliyekua upesi kuliko wenzake hupelekwa soko la Luanda, Vihiga, au huishia chunguni. Anayebaki kupanda mitetea ni yule ambaye mnunuzi alimpima kwa mkono akamrudisha chini. Jambo hilo likirudiwa mwaka baada ya mwaka, kuku hudumaa, na mwenyewe hudai kwamba mbegu ya kienyeji imeisha nguvu, ilhali ni yeye aliyekuwa akiiuza.

Jogoo mmoja huhudumia mitetea minane hadi kumi na humpa kila kifaranga nusu ya urithi wake, kwa hiyo uchaguzi wake una uzito kuliko wa mtetea yeyote mmoja. Wapime majogoo wachanga wakiwa na wiki 8, uwapime tena wakiwa na wiki 16, kisha wavishe pete za rangi mguuni wale watakaobaki, kabla mnunuzi hajabisha hodi. Uzito pekee hautoshi. Angalia miguu iliyonyooka, kidari kisichopinda na macho maangavu, kisha ufungue daftari umtazame mama yake: alitaga mayai mangapi, aliangua mangapi, na ni vifaranga wangapi waliofika wiki 8. Utagaji hurithiwa kupitia kwa jogoo pia, ijapokuwa yeye mwenyewe hatagi. Daftari la shilingi hamsini ndicho kifaa ambacho wanaoanza hukidharau, huku wakikopa pesa za kununua mashine ya kutotolea.

"Jogoo wa nyumbani anatosha miaka yote"

Jogoo akiwapanda binti zake, vifaranga huwa na kiwango cha uzao wa ndani (kuzaliana kwa ndugu wa damu) cha asilimia 25, sawa na cha ndugu wa baba na mama mmoja wakipandana. Dalili zake huja polepole: mayai mengi hayaanguliwi, na vifaranga hufa bila sababu ya wazi. Njia rahisi ni kugawa kuku katika familia tatu, kila familia na banda lake; mabinti hubaki, na kila mwaka majogoo wachanga wa banda la kwanza huhamia la pili, wa la pili huenda la tatu, na wa la tatu hurudi la kwanza. Mtetea huhifadhi manii ya jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi, hivyo baada ya kubadilisha jogoo subiri wiki tatu au nne kabla ya kukusanya mayai ya kuatamiwa.

"Yai lililochongoka hutoa jogoo"

Umbo la yai halihusiani na jinsia. Kwa kuku, urithi wa mama ndio unaoamua jinsia, tena kabla ganda halijaumbika. (Kwa binadamu ni upande wa baba, jambo ambalo wakwe wengi wangefaa kulijua.) Mayai ya mbegu yawekwe mahali pa ubaridi, ncha ikitazama chini, yasioshwe, na yasipitishe siku 7.

"Kishingo ni mgonjwa"

Shingo tupu hurithiwa, na hupunguza manyoya ya mwili mzima, kwa hiyo kishingo hustahimili vizuri joto la Kisumu na Ahero. Kwenye baridi ya Molo atahitaji banda lililozibwa vizuri. Kuku wenye manyoya yaliyojipinda kwa nje wasipandanishwe wao kwa wao, kwani baadhi ya watoto wao huwa na manyoya dhaifu yanayokatika hadi wakabaki karibu uchi.

"Kienyeji hahitaji chanjo"

Kideri, yaani Newcastle, huweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa katika boma, na kwa mzalishaji hasara hiyo hufuta miaka ya uchaguzi. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi, hudondoshwa jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku mgeni kutoka soko la Kibuye akae peke yake wiki mbili hadi nne, na anayemhudumia aanze na kuku wa nyumbani kabla ya kumfikia. Zaidi ya hayo, jogoo mmoja na mitetea michache ya ukoo uleule wakae kwa shangazi au binamu katika kijiji kingine, nao wachanjwe vilevile, ili ugonjwa ukiingia boma moja mbegu ibaki katika jingine.