Eti Marekani ilianza na usawa, fujo zikaja baadaye

Nafundisha darasa la uraia jioni. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kufika huku Marekani, na kila msimu lazima mtu anyooshe mkono aniambie, mwalimu, hii nchi ilianzishwa na watu waliotaka wote wawe sawa, haya mambo ya risasi na ubaguzi yameletwa juzi juzi na sinema, madawa ya kulevya na vijana waliokosa malezi. Wiki iliyopita alisema hivyo baba mmoja ninayemheshimu sana na sikumjibu vizuri, muda ulikuwa umeisha na watu wanawahi basi. Kwa hiyo jibu lake hili hapa, na naomba alisome mpaka mwisho.

Juni 1776 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais baadaye, yuko Philadelphia, amepanga vyumba kwenye nyumba ya mtu, anaandika Tangazo la Uhuru wa Marekani, lile la Julai 4, kwamba watu wote wameumbwa sawa, wana haki ya kuishi, haki ya uhuru na ya kutafuta furaha. Nani anamtayarishia nguo asubuhi? Kijana wa miaka 14, Robert Hemmings, mtumwa wake. Na huyo Robert ni shemeji yake, maana baba yake ni John Wayles, ndiye huyo huyo baba wa mke wa Jefferson. Baba mmoja, mama tofauti, basi dada ni mwenye nyumba na kaka ni mali ya nyumba.

Iliwezekanaje? Kwa sheria. Virginia, kwao Jefferson, wakati huo koloni la Waingereza, mwaka 1662 walipitisha kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, hata baba awe nani. Waingereza wenyewe desturi yao ilikuwa mtoto anafuata baba, kama kwetu wengi tu, wakaigeuza makusudi ili mwanaume amzalishe mtumwa wake halafu watoto waingie kwenye hesabu ya mali. Miaka saba baadaye, 1669, ikaja nyingine: mtumwa akimkaidi bwana wake, akapigwa mpaka akafa, hilo si kosa la mauaji, kwa sababu haiwezi kudhaniwa kwamba mtu angeharibu mali yake mwenyewe kwa kukusudia. Soma tena hiyo sababu polepole. Huo ni mwaka 1669, zaidi ya miaka mia moja kabla ya yale maneno mazuri ya Julai 4. Sasa sinema inaingia wapi hapo?

Halafu Katiba ya 1787. Neno mtumwa humo hulioni, walilikwepa, lakini mambo yake yote yamo. Kila mtumwa anahesabiwa tatu ya tano ya mtu kwenye kugawa viti vya bunge, kwa hiyo bwana anapata nguvu ya kisiasa kwa vichwa vya watu asiowaruhusu kupiga kura, biashara ya kuwaleta hairuhusiwi kupigwa marufuku mpaka 1808, na mtumwa akitoroka akaenda jimbo lingine lazima arudishwe. Sensa ya 1790 walikuwa karibu laki saba, 1860 wamefika karibu milioni nne. Watu milioni nne hawakai utumwani kwa hiari, kuna doria za usiku zenye bunduki na mijeledi, kuna mbwa, kuna mnada ambapo mama anauzwa huku na mtoto kule, na vyote hivyo vinalindwa na mahakama. Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa fujo ni kupotoka kutoka kwenye njia. Ukisema usawa halafu ukataka watu fulani wawe mali, inabidi uwapige kila siku, hakuna namna nyingine.

Na ushauri wangu ambao darasa zima wanaujua: ukisoma sheria tafuta neno "isipokuwa". Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 1865, yanakataza utumwa, isipokuwa kama adhabu ya kosa. Mama mmoja darasani alifika hapo akaacha kusoma, kidole bado kiko kwenye karatasi, akaniuliza, mwalimu, kwa hiyo kama wanautaka tena si wanatafuta tu kosa? Ndicho kilichotokea. Mwaka huo huo Mississippi wakaweka sheria kwamba mtu mweusi kila Januari awe na maandishi ya kuonyesha ana kazi, asipokuwa nayo ni mzururaji, anapigwa faini, akishindwa kulipa anakodishwa kwa mzungu amfanyie kazi.

Mengine nayasema haraka.

Rais Lincoln hakufuta utumwa kwa tangazo moja. Lile la Januari 1, 1863 lilihusu majimbo yaliyoasi tu, Kentucky na Delaware, ambayo hayakuasi, watu waliendelea kuwa watumwa mpaka Desemba 1865. Kwenye mtihani wa uraia ukisema liliwaacha huru watumwa utapata, jibu hivyo upite, ila kichwani jua ukweli.

Eti weusi ni maskini kwa sababu hawajengi. Walijenga! Greenwood, mtaa wa weusi kule Tulsa, Oklahoma, walikuwa na maduka, hoteli, madaktari, na mwaka 1921 umati wa wazungu ukachoma mitaa kama 35 ndani ya usiku mmoja na asubuhi yake. Kisha miaka ya 1930 mitaa ya weusi nchini ikapakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba, yaani hapo ni hatari kukopesha. Mwaka 2022 familia ya kizungu ya katikati (nusu wana zaidi yake, nusu wana pungufu) ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya watu weusi 44,900.

Eti fujo ni za weusi na weupe tu. Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi hii, walioswagwa kutoka kwao 1838 walikufa karibu 4,000 njiani. Na Ludlow, Colorado, Aprili 1914, wachimba makaa waliogoma, wengi wahamiaji kama sisi, kambi yao ya mahema ilichomwa na askari wa jimbo, wakakutwa wanawake wawili na watoto 11 wamekufa kwenye shimo chini ya hema.

Eti bunduki ya nyumbani ni kwa ajili ya jambazi. Mwaka 2021 risasi ziliua watu kama 48,800 na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Una kijana ndani amenyamaza siku hizi, jamani, ifungie au iondoe kabisa.

Wapo na wanaovuka upande wa pili, wanasema basi yale maneno ya usawa ni uongo mtupu, tusiyafundishe. Hapana. Massachusetts, mtumwa asiyejua kusoma, akiitwa Bett, alisikia kwamba katiba ya jimbo ya 1780 inasema watu wote wanazaliwa huru na sawa, akaenda kwa wakili Theodore Sedgwick akamuuliza, je, hiyo sheria si inanihusu na mimi? Agosti 1781 baraza la wazee wa mahakama pale Great Barrington likasema inamhusu, na bwana wake amlipe shilingi thelathini. Bwana akamwomba arudi afanye kazi kwa mshahara, akakataa, akajiita Elizabeth Freeman.