Modeli ya mtetemo wa boriti ni nini, na ndege wanaingiaje humo?

Daraja la wapita njia juu ya Barabara ya Thika ni boriti ndefu iliyobebwa na nguzo. Jioni, watu wakifurika kurudi nyumbani, unaweza kuhisi sakafu ikitikisika chini ya nyayo. Ndivyo boriti zilivyo: ikisukumwa hupinda, ikiachiliwa hurudi, hupitiliza, hurudi tena mpaka itulie. Kila moja ina mwendo wake wa asili wa kutetemeka, na urefu huuathiri sana. Bana rula kwenye ukingo wa meza uipige. Ukipunguza kwa nusu sehemu iliyo hewani, itatetemeka mara nne zaidi kwa sekunde.

Hatari huja msukumo wa nje unapolingana na mwendo huo. Daraja la Millennium jijini London lilifunguliwa Juni 2000, likayumba kando kwa hatua za watu, likafungwa siku mbili baadaye. Lilirudi kutumika 2002, baada ya kuwekewa vifaa vya kufyonza mtetemo.

Modeli ni mlinganyo unaopewa msukumo nao ukatabiri boriti itasogea kiasi gani na lini. Nadharia ya Euler na Bernoulli, ya karne ya 18, inautoa kwa boriti safi ya kwenye karatasi. Boriti halisi ina kutu, viungo na bolti zilizolegea. Kwa hiyo mhandisi hufunga vihisi, hupima, kisha husaka vigezo, yaani namba za kuweka ndani ya mlinganyo, vitakavyoufanya ufanane na vipimo.

Msako huo ni mgumu. Mbinu inayopunguza kosa (tofauti kati ya modeli na vipimo) hatua kwa hatua huweza kukwama kwenye jawabu la karibu, ilhali lililo bora liko mbali. Mwaka 1995 watafiti Kennedy na Eberhart walibuni algoriti, yaani utaratibu wa hesabu wa hatua kwa hatua, iliyotokana na mienendo ya makundi ya ndege. Kila "ndege" ni jaribio moja la vigezo vyote. Hukumbuka mahali pake bora, hujua mahali bora pa kundi, na hatua yake inayofuata huvutwa na yote mawili, pamoja na kasi aliyokuja nayo na bahati nasibu kiasi. Ipo pia algoriti ya nyuki ya mtafiti Karaboga, ya 2005.

Mimi naipenda mbinu hii, lakini majina ya wanyama yasitulevye. Algoriti haijui fizikia hata chembe. Ikipewa vigezo vingi mno, modeli itaiga hata kelele za kihisi, yaani makosa madogo ya upimaji. Lazima ijaribiwe kwa vipimo ambavyo haijawahi kuviona. Na kama daraja limepimwa likitetemeka mara 3 kwa sekunde huku modeli ikisema 5, modeli hiyo itupwe, hata kosa lake kwenye vipimo vilivyotumika katika msako liwe dogo namna gani.