Maumivu ya Mgongo Yanapotokana na Saratani ya Damu: Maswali na Majibu kuhusu Mailoma

Saratani ya damu inawezaje kuanza kwa maumivu ya mgongo?

Mailoma ni aina ya saratani ya damu inayotokana na seli za plazima, ambazo hukaa ndani ya uboho wa mifupa na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikishageuka kuwa saratani, huzichochea seli zinazomeng'enya mfupa na kuzizuia zile zinazoujenga, hivyo pingili za mgongo, mbavu, nyonga na fuvu huanza kutoboka. Mgonjwa, ambaye mara nyingi amevuka miaka 60, huweza kumeza dawa za maumivu kwa miezi kadhaa akiambiwa kuwa ni uzee tu, mpaka siku pingili inapobonyea.

Je, kuna dalili nyingine zisizotarajiwa?

Zipo: nimonia ya mara kwa mara, mkojo wenye povu jingi, uvimbe kichwani au ndani ya pua, na hata kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa, kwa sababu kalsiamu ya mifupa imemwagika kwenye damu. Mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu yake inakufa ganzi au anashindwa kuzuia haja afike hospitali siku hiyohiyo.

Eksirei yangu haikuonyesha kitu. Je, nitulie?

Hapana, ikiwa maumivu yanaendelea. Eksirei haionyeshi tundu mpaka takriban asilimia 30 ya madini ya mfupa iwe imepotea. Kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta) cha mwili mzima huona matundu madogo zaidi, na MRI (picha ya sumaku) huonyesha uboho wenyewe kabla mfupa haujatoboka. Kipimo kinachopotosha wengi ni kile cha mifupa kinachotumia teknesiamu, dawa yenye mionzi inayochomwa mwilini: hufuata mahali mfupa mpya unapojengwa, ilhali mailoma hubomoa bila kujenga, kwa hiyo majibu yanaweza kutoka safi huku mgonjwa akiumwa.

Picha hutofautishaje mailoma na kifua kikuu cha uti wa mgongo?

Swali hili lina uzito katika nchi zetu. Kifua kikuu kwa kawaida hula pia diski iliyo kati ya pingili mbili na kuacha usaha kandoni, wakati mailoma mara nyingi huiacha diski salama. Hata hivyo picha pekee haitoshi. Hupimwa protini za damu na mkojo, na huchukuliwa sampuli ya uboho, ambamo seli za plazima zisizo za kawaida zikifikia asilimia 10 au zaidi huwa ushahidi mzito. Kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, mweleze mtaalamu hali ya figo zako, maana mailoma huzidhuru.