Alumini yenye chembe za silikoni kabaidi: makosa ya kuiga kwa kompyuta pigo la kasi kwenye joto

Dhana: Chukua sifa za alumini na za kabaidi, piga wastani kwa ujazo, modeli imekamilika.

Ukweli: Moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya alumini 6061, aina ya aloi, ni GPa 70 hivi, ya kabaidi inapita 400. Kwa chembe asilimia 20, wastani huo unakupa GPa 136 au zaidi. Ukipima unapata karibu 100. Hesabu hiyo ni ya nyuzi ndefu zilizolala sambamba na mzigo.

Dhana: Kabla ya pigo, mkazo ndani ya sampuli ni sifuri.

Ukweli: Hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibikia. Kwa kila digrii moja inayoshuka, alumini husinyaa sehemu 23 katika milioni, kabaidi kama 4 tu. Kutoka nyuzi 520 za Selsiasi hadi 20, tofauti inakaribia asilimia 1, ilhali alumini hii ikiwa katika hali ya T6 (iliyoimarishwa kwa joto) huanza kubonyea kabisa kwenye asilimia 0.4 hivi. Maana yake, alumini inayozunguka kila chembe imeshabadilika umbo bila kurudi hata kabla sampuli haijaguswa: yenyewe inavutwa, chembe inabanwa. Kwa hiyo katika modeli inayochora chembe moja moja, weka kwanza hatua ya kupoza, ndipo upige.

Dhana: Pigo ni la mikrosekunde, joto halina muda wa kubadilika.

Ukweli: Halina muda wa kutoka, ndiyo maana linapanda. Mkazo wa MPa 500 ukiifupisha sampuli kwa 0.3 ya urefu wake, na asilimia 90 ya kazi hiyo ikigeuka joto, sampuli inapanda nyuzi 55 hivi. Data ya fito za Hopkinson (fito mbili ndefu zinazoipiga sampuli katikati yake kwa kasi) basi tayari imelainishwa na joto. Ukiipachika moja kwa moja kwenye fomula ya Johnson-Cook, inayokadiria mkazo kutokana na kiasi cha kubonyea, kasi yake na joto, kisha ukawasha upashaji joto katika programu, umeutoza ulaini mara mbili. Rekebisha kwanza mchoro wa mkazo dhidi ya kubonyea uwe wa joto lisilobadilika.

Dhana: Kigezo C cha fomula hiyo, kinachobeba athari ya kasi, kikipimwa kwa alumini tupu kinafaa.

Ukweli: Chembe hazibonyei, hivyo alumini iliyo katikati yake hubadilika umbo kwa kasi kubwa kuliko sampuli nzima. C ya kompositi (alumini pamoja na chembe zake) ipimwe yenyewe. Tena fomula hiyo haijui chembe iliyopasuka; uharibifu uongezwe kando.

Na moduli usiisome kwenye fito hizo: mwanzoni mwa pigo nguvu za ncha mbili za sampuli bado hazijalingana. Ipime kwa mawimbi ya sauti.