Wiketikipa ni nani kwenye kriketi?

Ukiangalia kriketi kwenye TV utaona jamaa mmoja kachuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu, kavaa glavu kubwa na pedi miguuni, basi huyo ndo wiketikipa. Wengi wanamwita golikipa wa kriketi na sio vibaya, maana kwenye timu inayorusha ni yeye peke yake anaruhusiwa glavu, wenzake wanadaka mikono mitupu. Ila golikipa anaweza kumaliza nusu saa hajagusa mpira, huyu kila mpira ukirushwa lazima achuchumae, ainuke, achuchumae tena. Mechi za Test, zile ndefu za nchi kwa nchi zinazochezwa siku kadhaa, siku moja ni ova 90, kila ova ni mirusho 6, piga hesabu mwenyewe, ni 540. Hayo magoti jamani!

Kazi yake hasa ni kutoa wapigaji. Mpira ukiparuza bati, lile gongo la kupigia, kidogo tu ukapita nyuma, akaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji katoka. Wakenya wa rika langu bado tunaisimulia ile ya Pune, India, Kombe la Dunia, 29 Februari 1996: Rajab Ali karusha, Brian Lara, nyota wa West Indies, kaparuza, kipa Tariq Iqbal kadaka, Lara huyoo na rani (pointi) zake 8, West Indies wote wakaisha na 93, Kenya ikashinda kwa rani 73. Njia nyingine ni stampingi, yaani mpigaji anatoka nje ya mstari wake kuufuata mpira anaukosa, kipa anaunyaka na kubomoa vijiti kabla jamaa hajarudi. Hapo MS Dhoni wa India alikuwa balaa, mikono hata huioni, na kumbe shuleni kule Ranchi alikuwa golikipa wa mpira wa miguu kweli kweli.

Sasa ubaya wa hii kazi kama ajira, nafasi ni moja tu kwa timu. Adam Gilchrist wa Australia ilibidi ahame jimbo la New South Wales aende jimbo la Western Australia ndo apate glavu, na timu ya Test kaingia 1999 akiwa anakaribia miaka 28 kwa sababu Ian Healy alikuwa kakalia kiti tangu 1988. Alipoingia akapiga senturi 17, yaani mara 17 alifikisha rani 100 au zaidi, na hapo akawaharibia wenzake maana siku hizi kudaka tu hakutoshi, kipa asiyejua kupiga hapati namba.

Halafu kuna hatari yenyewe. Akirusha fasta, yule wa mipira ya kasi, kipa anasimama mbali, akirusha spina, yule wa mipira ya polepole inayozunguka, anasogea mpaka kwenye vijiti. Julai 2012 kule Taunton, Mark Boucher wa Afrika Kusini alisogea hivyo kwa spina Imran Tahir, hana helmeti, kale kamti kadogo kanakolala juu ya vijiti kakaruka kakampiga jicho la kushoto. Hakudaka tena mechi ya kimataifa. Alikuwa ameshatoa wapigaji 998.