Aliumizwa akiwa mtoto, anaugua akiwa mama: maswali na majibu

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa sana kwenye kliniki ya afya ya akili, na mara nyingi muulizaji si mgonjwa mwenyewe bali mume, dada au mama mkwe aliyemleta. Wanawake wengi walioumizwa utotoni wanafika kwetu wakiwa wamezungushwa miaka mingi bila sababu.

Ukatili wa utotoni ni upi hasa?

Kubakwa, kushikwashikwa sehemu za siri, kipigo cha kuumiza, matusi ya kudhalilisha kila siku, kunyimwa chakula na matunzo. Mtoto anayekua akishuhudia mama yake anapigwa naye yumo. Na tusijidanganye kwamba ni nadra. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Mnaofundisha watoto wamwogope mtu wasiyemjua, mnawaambia nusu ya habari: wanaotajwa kliniki ni mjomba, baba wa kambo, jirani, mwalimu wa tuisheni.

Mtu anauguaje leo kwa jambo la miaka 20 iliyopita?

Ubongo wa mtoto hujengeka kufuatana na maisha anayoyaishi. Mtoto anayelala huku anasikiliza nyayo za mtu nje ya mlango, mwili wake unazoea kukaa tayari kukimbia. Usingizi unakuwa mwepesi, moyo unadunda kwa jambo dogo, na hali hiyo inaweza kubaki hata baada ya kuhama nyumba ile na kuolewa. Juu yake kuna aibu isiyo yake na kutomwamini mtu yeyote. Hapo ndipo sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), wasiwasi uliopitiliza, kiwewe na ulevi vinapopata njia. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliopitia aina 4 au zaidi za madhila utotoni walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12, ya sonona, ulevi, matumizi ya dawa za kulevya na kujaribu kujiua kuliko ambao hawakupitia lolote.

Si kila aliyeumizwa ataugua. Lakini anayeugua hajidekezi.

Kwa nini wanawake zaidi?

Sonona kwa ujumla huwapata wanawake karibu mara 2 ya wanaume, na wasichana hufanyiwa ukatili wa kingono zaidi ya wavulana. Kisha kuna uzazi: kupimwa njia, kuzaa, kunyonyesha. Yote yanagusa mwili ule ule ulioumizwa.

Tutajuaje? Yeye hasemi.

Hatasema. Atasema ana vidonda vya tumbo, ana presha, kichwa kinawaka moto, nyonga zinauma na ultrasaundi haionyeshi kitu. Wengine wanaanguka na kutetemeka, wakichunguzwa kifafa hakionekani, na mtaani inapitishwa kuwa ni jini. Wapo waliokuwa wazima kabisa hadi binti yao alipofikia umri ule ule waliotendewa wao. Ghafla mama hataki mtoto atoke hata kwenda dukani, halali, analia jikoni.

Wenzangu wa afya nao wasikie. Mwanamke amekuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Amepanda kitandani, magoti yamebana, macho yameganda darini, anaitwa jina haitiki. Muuguzi mwenye haraka anamwambia, "Achia miguu mama, kwani hujazaa?" Kauli hiyo naomba ife. Simamisha kipimo, mfunike, mwache akae, zungumza naye. Kipimo kinaweza kufanyika siku nyingine.

Lakini yalishapita. Si ajitahidi tu kusahau?

Hapana. Asiyetaka kukumbuka ni yeye wa kwanza. Kumbukumbu ndizo zinazomfuata usiku. Kumwambia asahau ni kumwambia anyamaze, na kunyamaza ameshakufanya miaka yote hiyo bila kupona. Anachohitaji ni matibabu.

Tumeanza kumpeleka kwenye maombi. Tusubiri kwanza tuone?

Hapana, msisubiri. Ombeni, someni dua, sina ugomvi na hilo. Lakini maombi na kliniki viende siku moja. Ninachokiona ni hiki: mwaka mzima wa maombi, mwaka mwingine kwa mganga, katikati vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti hadi mtu hawezi kulala bila diazepamu. Wengine wamefungishwa kula siku kadhaa wakaachishwa dawa za hospitali. Wengine wamechapwa ili jini litoke. Mtu ameugua kwa kupigwa, mnamtibu kwa kumpiga!

Basi tumalize mavuno, au mtoto aache kunyonya?

Hapana, kwa mara ya tatu. Akiwa hali chakula, halali, au amepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki 2, muda wa kusubiri umekwisha. Anayenyonyesha pia anatibiwa. Mwambieni mhudumu, atachagua dawa inayofaa. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mtapewa rufaa ikihitajika. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, haipo kwa ajili ya kila mwenye sonona, kwa hiyo acheni kuogopa kwamba atafungiwa Dodoma.

Akisema anatamani kufa?

Mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake. Ondoeni ndani dawa za kuua wadudu na vidonge vyote vilivyobaki. "Anatutisha tu" ni sentensi ambayo ndugu huijutia.

Hospitali atafanyiwa nini?

Kwanza anasikilizwa, wala halazimishwi kusimulia kila kitu siku ya kwanza. Mazungumzo ya tiba ndiyo nguzo, na si lazima yatolewe na daktari bingwa. Vijijini kusini mwa Uganda, vikundi vya wiki 16 vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Wengine huongezewa dawa kama fluoksetini au amitriptilini. Hapa nisikilizeni vizuri: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Kila mwezi napata anayeacha siku ya kumi akisema dawa hazimsaidii, na mwingine anayeacha akishachangamka tu. Usiache bila kuambiwa, hata ukijisikia mzima. Dawa hizi si kama zile za usingizi, hazikufanyi teja. Ila amitriptilini ikizidishwa inaua, kwa hiyo ndugu ndiye azitunze.

Akinieleza yaliyomkuta, nimjibu nini?

"Nakuamini. Halikuwa kosa lako." Kisha nyamaza umsikilize. Usimuulize kwa nini hakusema wakati ule, wala alivaa nini. Usimburute kwenda kukabiliana na aliyemtenda, na usimweleze mama yako wala kundi la WhatsApp la ukoo. Mume ukiambiwa, usigeuze iwe kesi ya kwamba alikuficha.

Na mtoto aliyetendewa sasa hivi?

Hospitali ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana. Baada ya hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi tena. Msimwogeshe kabla hajapimwa. Nguo alizovaa msizifue, ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi mje nazo. Namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya, na kwa Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Habari ya kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi na bahasha sitaki kuisikia, na mzee atakayekuja nayo wodini ataombwa atoke nje mtoto apimwe.