Kocha wa kriketi na jumba bovu: lawama zake zinaanzia wapi?

Kuangushiwa jumba bovu tunajua wote maana yake. Nyumba wamejenga wengine, nguzo zimeliwa na mchwa miaka na miaka, wewe umeingia juzi tu na begi lako, sasa ikidondoka unaulizwa wewe. Kwenye michezo mwenye begi mara nyingi ni kocha. Timu ya taifa ikifungwa mara tatu mfululizo watu hawaulizi kingine, ni kocha afungashe virago, basi.

Kwenye mpira wa miguu lawama hiyo angalau ina mantiki maana kocha anapanga kikosi, anasimama pale kwenye mstari anafoka dakika 90, akiona winga kachoka dakika ya 60 anamtoa. Kriketi haiko hivyo kabisa. Nina jamaa yangu, Yanga damu, kila nikimwekea kriketi kwenye simu anauliza "sasa kocha wao yuko wapi?" na mi namwonyesha yule pale juu kwenye balkoni, kavaa miwani ya jua na daftari mkononi kama mgeni rasmi. Anacheka. Lakini swali lake ndio mzizi wa hii mada, kwa sababu tunampima kocha wa kriketi kwa kipimo cha Simba na Yanga na hicho kipimo sio chake.

Angalia. Mechi inaanza kwa kurusha shilingi na wanaoenda pale kati ni manahodha, anayeshinda anaamua yeye tupige kwanza au turushe kwanza, na uamuzi huo peke yake unaweza kukuua kabla ya saa sita mchana. Mchezo ukianza, nani arushe ova inayofuata (ova moja ni mipira sita), wadakaji wasimame wapi, lini umlete mtu wa spini anayeuzungusha mpira, lini umpumzishe mwenye kasi, yote hayo ni ya nahodha na anayaamua palepale juani. Sub ya kiufundi kwenye mechi za timu za taifa hamna. Wa akiba anaruhusiwa kuingia kudaka tu mwenzie akiumia, kupiga haruhusiwi na kurusha haruhusiwi, ukiacha ile sheria iliyokuja 2019 ya mchezaji aliyegongwa kichwani. Kwa hiyo kocha akitaka kupeleka neno uwanjani anamtuma yule dogo wa akiba anayekimbia na chupa za maji na glavu kavu, dogo anamnong'oneza nahodha, anarudi mbio. Na nahodha anaweza kuitikia sawa sawa nimekuelewa halafu akafanya lake.

Bob Woolmer, kocha wa Afrika Kusini, aliyachoka hayo maisha. Kombe la Dunia 1999, Afrika Kusini wanacheza na India kwenye uwanja wa Hove kule Uingereza, nahodha Hansie Cronje na mrushaji Allan Donald wakaingia uwanjani na vidude sikioni, kumbe Woolmer anaongea nao moja kwa moja toka chumbani. Vikagunduliwa, vikavuliwa, halafu ICC, wale wakuu wa kriketi ya dunia, wakavipiga marufuku. Yaani mchezo wenyewe ulishaamua kwamba mpira ukianza kocha anyamaze, na sisi tukipoteza tunamuuliza yeye kwanza.

Basi kazi yake ni ipi? Ni yote ya kabla. Mazoezi ya neti, kumsoma mpinzani, kurekebisha mguu wa mpigaji unaochelewa kwenda mbele, kujua nani amechoka na nani ana stress za nyumbani, na zaidi ya yote kuweka kambi isinuke fitina. Na kikosi je? Hapo inategemea nchi. Kuna nchi wateuzi wanakaa kivyao wanamkabidhi kocha majina 15 kama mzigo wa posta, kuna nchi kocha anasikilizwa tu bila kura, kuna nchi kocha ndiye mteuzi mwenyewe. Hiki ndio kitu cha kwanza mi naangalia kabla sijamtukana mtu, nani alikuwa mezani siku majina yanatoka.

Chukua England 2021. Aprili mwaka ule bodi yao ilimuondoa mteuzi mkuu Ed Smith, kazi yake akapewa kocha Chris Silverwood, kwa hiyo rungu lote analo yeye. Desemba wanafika Brisbane kufungua Ashes, ule mfululizo wao na Australia, kapeti la kijani, mawingu juu, siku ambayo mrushaji wa kasi anaiota usingizini, na James Anderson na Stuart Broad, wazee wenye wiketi (yaani wapigaji waliowatoa) zaidi ya 1,100 za testi, zile mechi ndefu za siku tano, kati yao wawili, wote wako benchi! Nahodha Joe Root anashinda shilingi anasema tunapiga. Mpira wa kwanza kabisa wa mfululizo, Mitchell Starc wa Australia anarusha, Rory Burns anajivuta pembeni mno, unampita nyuma ya miguu, vijiti chini. England nje kwa mikimbio 147 (mikimbio ndio pointi za kriketi), na mwisho wa safari wamepigwa 4-0.

Sasa hapo gawa lawama. Benchi ya wale wazee ni ya Silverwood, akae nayo, akishirikiana na Root. Kuamua kupiga kwanza ni ya Root. Miguu ya Burns ni ya Burns, mtu wa kimataifa hafundishwi kusimama asubuhi ya mechi. Na ligi yao ya mikoa ambayo bodi imeisukumia Aprili na Septemba kwenye baridi na viwanja vyenye umande, ikapisha mashindano mafupi ya hela msimu wa joto, mpaka wapigaji wa kukaa siku nzima wanazidi kuadimika, hiyo ni ya wenye ofisi. Februari 2022 Silverwood akaondolewa, na mkurugenzi wao Ashley Giles naye akaenda, Root akaachia unahodha Aprili.

Halafu kikaja kitu ambacho watu wa "timua kocha" watakuwekea mezani mpaka kesho. Akaja kocha Brendon McCullum na nahodha mpya Ben Stokes, na timu ambayo ilikuwa imeshinda testi 1 kati ya 17 ikashinda 10 kati ya 11, wengi wakiwa walewale, Anderson yumo, Broad yumo, Root yumo anapiga kama kafunguliwa minyororo. Siwezi kujifanya sijaona. Kocha ana uzito, na hasa kwenye vichwa vya watu, kwenye kuwatoa woga. Ila walibadilisha kocha na nahodha ndani ya wiki chache, kwa hiyo ukiniambia ni McCullum nitakuuliza umemtenganishaje na Stokes, maana aliyekuwa anasogeza wadakaji pale kati ni Stokes.

Ila jumba bovu lenyewe, lile la mchwa kabisa, tusiende mbali, liko Nairobi.

2003 Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kocha alikuwa Sandeep Patil wa India, nahodha Steve Tikolo. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya wakapewa pointi za bure, lakini Sri Lanka walikuja, wakapigwa kwa mikimbio 53 pale Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Wakawapiga Bangladesh, wakawapiga Zimbabwe, mpaka India wakawazima Durban. Siku zile kila mtu anasema Kenya ndio taifa linalofuata kupewa hadhi ya testi.

Baada ya pale ni mteremko. Patil akaondoka. 2004 Maurice Odumbe, mmoja wa vigogo wa kikosi, akafungiwa miaka 5 kwa kushirikiana na mtu wa kamari. Wachezaji wakagoma kisa malipo. Chama cha zamani kikavunjika kwa vurugu, kikaja kingine 2005. Mechi kubwa zikawa chache, nchi kubwa haziwaalikii, na chini huku hakukuwa na ligi ya kuzalisha watoto wa kuwapokea akina Tikolo, kwa hiyo wazee wakazeekea kikosini. Makocha wakapishana kama abiria wa daladala, kafika Roger Harper wa West Indies, kafika Eldine Baptiste. Kombe la 2011 Kenya walicheza na New Zealand kule Chennai wakaisha kwa mikimbio 69 tu, wenzao wakaimaliza ile kazi kwa ova 8 bila kupoteza hata wiketi moja, na mashindano yote wakapoteza mechi 6 kati ya 6.

Hapo sasa ndio nakuomba usikilize. Baada ya 2011 akaajiriwa Mike Hesson wa New Zealand. Maajabu hayakutokea. 2012 akaondoka, akaenda kuifundisha New Zealand yenyewe, na 2015 akaifikisha fainali ya Kombe la Dunia. Kocha yuleyule, daftari lilelile, nadhani hata miwani ileile! Kenya wao mwaka 2014 wakapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Ukimweka Hesson kwenye mizani kwa matokeo peke yake utasema Nairobi alikuwa mjinga na Wellington akawa mwerevu, na alipata akili hiyo kwenye ndege.

Na kuna kipigo ambacho hakimhusu kocha wala mtu yeyote, ni siku tu. Pune, 29 Februari 1996, Kenya walipata mikimbio 166, kidogo sana, halafu West Indies wakaisha kwa 93. Nyota wao Brian Lara akagusa mpira wa Mkenya Rajab Ali ukaishia mikononi kwa Tariq Iqbal. Huko Karibea watu walitaka vichwa, nahodha Richie Richardson akatangaza atang'atuka. Siku 4 baadaye West Indies walewale, chini ya kocha yuleyule Andy Roberts, wakaipiga Australia, Richardson mwenyewe akibaki kati bila kutolewa, wakaenda hadi nusu fainali. Wangemtimua Roberts usiku ule wa Pune leo tungekuwa tunasifia kocha mwingine kwa kazi ya siku 4.

Februari 2018 Kenya wakashika mkia kwenye daraja la pili la ligi ya dunia kule Namibia na wakashuka. Kidogo hapa niliwapa heshima, kwa sababu walijiuzulu watatu kwa pamoja, kocha Thomas Odoyo, nahodha Rakep Patel, na rais wa chama Jackie Janmohamed. Ni nadra sana kuona mwenye ofisi anatoka mlango mmoja na kocha wake, kawaida yeye ndio anasoma barua. Odoyo mwenyewe alikuwa kwenye kile kikosi cha 2003. Nafasi yake wakampa Odumbe, yuleyule.

Halafu Agosti 2024 wakamleta Dodda Ganesh, mrushaji wa zamani wa India, mkataba wa mwaka mmoja. Haukufika mbali, ndani ya kama mwezi tu bodi ikaukata, wanasema utaratibu wa kumwajiri haukufuatwa, wakamweka Lameck Onyango ashikilie kwa muda. Huyu hata hizo mechi za kupoteza hakupewa.